Tundu la Lomenen

Ukitaka kujua kama dishi limefungwa na Lomenen, inama uliangalie kwa chini. Utakuta tundu. Si la risasi, ingawa kwetu Turkana hata lingekuwa la risasi hakuna ambaye angeacha chai yake ipoe. Ni la drili, dogo kama jicho la kuku, pale hasa maji yanapotua. Karibu kila dishi la runinga ya kulipia hapa Lodwar linalo.

Sababu yake ni hii. Kwenye kijitabu cha maelekezo, dishi limechorwa limesimama wima kama sikio la punda. Aliyechora ni mtu wa mbali, na kwao labda ndivyo yanavyokaa. Hapa kwetu setilaiti ya runinga iko karibu na utosi, kwa hiyo dishi hulala chali kama beseni. Kwa kuwa mvua ya Lodwar hutembea nadra na ikija huja na ukoo wake wote, zamani beseni lilijaa, picha ikakatika, na wanaume wazima wakapitwa na penalti huku wakitazama rangi ya buluu. Mafundi waliotumwa kutoka mjini walibadilisha nyaya na ving'amuzi. Lomenen alipanda juu ya bati, akamwaga maji, akashuka kuchukua drili. Tangu siku hiyo akawa Fundi, kwa herufi kubwa, na watu wakaanza kukagua tundu kabla ya kulipa, jinsi unavyokagua meno ya mbuzi.

Mimi nina duka la kinyozi ukuta kwa ukuta na kibanda chake. Nimemsikia akieleza habari za lile tundu mara nyingi kuliko nilivyomsikia mchungaji wangu, na Lomenen angalau hakupitisha sadaka.

Kisha simu zikaharibu mambo. Vijana wakaanza kutazama mabao vipande vipande viganjani. Wazee wakaacha kulipia vifurushi, dishi likabaki juu ya paa kama kofia ya mgeni aliyeondoka. Lomenen akawa anashinda kwenye kiti changu cha wateja, akijitazama kwenye kioo changu, bila kunyolewa. Akoru, mke wake, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kwa kaka yake Lokitaung kuna maziwa, na watoto hawali madishi. Mfuko wake wa safari ukaonekana mlangoni, umefungwa.

Hapo ndipo ikaja simu ya Natasha. Alikuwa afisa wa masoko wa kampuni moja mpya ya intaneti ya setilaiti, na alisema wanatafuta wakala wa Turkana nzima. Angekuja Kakuma kuonyesha mtambo wao mbele ya watu, kwenye ukumbi wa video wa Mawien ulio karibu na kambi ya wakimbizi. Alitaka fundi wa hapahapa aufunge. Ukifungwa vizuri, akasema, habari za uwakala zitazungumzwa.

Lomenen hakusubiri zizungumzwe. Jioni hiyohiyo alinunua rangi, akaandika ukutani WAKALA kwa herufi ndefu kama twiga. Nikamwambia hata bibi harusi husubiri bwana aje kwanza. Akaniambia ninyoe vichwa, niache kuta. Akoru alisimama akausoma ule ukuta wote, neno lenyewe moja tu, kisha akaurudisha mfuko ndani. Nilimwona. Kwa hiyo mtu asiniambie eti kilichokuwa hatarini Kakuma ni intaneti.

Lomenen alinibeba niwe mdomo wake, kwa sababu Kiingereza chake huisha kwenye maandishi ya rimoti. Tulipofika Kakuma mawingu yalikuwa yameshuka upande wa mto Tarach, meusi, na upepo ulikuwa ukirusha vumbi na mifuko. Mawien alitupokea mlangoni. Ni mtu wa Sudan Kusini, mrefu kiasi kwamba anapoongea nawe unahisi tangazo linatoka kwenye mlingoti. Alikuwa ametoa viti nje, na watu walikuwa wameshajaa, wa kambini na wa mjini, kila kundi likiulizana kwa lugha yake kama mechi itaonekana.

"Ejok, Fundi," akamsalimu Lomenen kwa Kiturkana. "Akhui, ndugu yangu, hii kitu ikinyesha mvua itakufa kama ile ingine?"

"Mimi nikifunga haifi," Lomenen akasema.

Natasha alishuka kwenye gari akiwa na miwani, na viatu ambavyo vumbi la Kakuma lilivibadilisha rangi kabla hajatusalimu. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alitoa kibao cheupe, bapa, kama cha kusukumia chapati. Hakina bakuli, hakina pembe, hakina kitu cha kushika. Lomenen akakigeuzageuza kama mtu aliyepewa mtoto asiyefanana naye. Nikamtafsiria maneno ya Natasha: kinalala juu ya paa, kinatazama mbingu. Kuhusu kulala chali Lomenen hakuhitaji mkalimani.

Akamuuliza kupitia kwangu kama kuna namna maalumu ya kukifunga. Natasha alikuwa anatafuta pembe nzuri ya kumrekodi kwa simu yake. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kuinua macho:

"Fundi, fanya tu vile huwa unafanya siku zote."

Lomenen akapanda.

Natasha alirekodi tangu ngazi. Lomenen alikifunga kibao kwa mabano yake mwenyewe, akakaza nati, akakipigapiga mgongoni kama ng'ombe mpole. Kisha akatazama mawingu. Akapitisha kidole kwenye kingo za kibao, zilizoinuka kidogo sana, akakitafuta kitu asikipate. Nilimwona akitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua kwamba wazungu wote wa setilaiti wamesahau jambo moja, na jambo hilo analo yeye mfukoni.

Akachomoa drili.

Nilipiga kelele. Mlio wa drili ukaimeza. Iliingia taratibu, kitaalamu, pembeni kidogo pa katikati, na unga mweupe ukapeperuka juu ya umati wa Kakuma. Akapuliza tundu. Akachungulia tunduni, kisha akamtazama Mawien aliyekuwa chini, akampungia mkono.

Taa ya mtambo haikuwaka. Natasha akauliza ametoboa nini. Nikamweleza kwamba huwa anatoboa dishi ili maji yatoke. Akaniambia lile si dishi, ni mtambo wenyewe, ndani mwake mna vifaa kama vya simu. Nikamtafsiria Lomenen. Ni sentensi fupi, lakini sikumbuki kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya kwa ulimi huu. Bado alikuwa juu ya paa, ameshika drili. Mtu mmoja akacheka. Kicheko hakihitaji mkalimani, kikazunguka viti vyote na kurudi.

Natasha hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alienda kwenye gari, akatoa kibao kingine. Hakupanda popote. Alikiweka chini, mavumbini, kati ya viti viwili vya plastiki, akabonyeza simu yake. Kibao kikajitafutia setilaiti chenyewe. Hatukuwa tumemaliza kumcheka Lomenen vizuri mechi ikatokea ukutani kwa Mawien, safi, bila chembe. Watu wakamgeuzia Lomenen visogo. Alishuka ngazi peke yake.

Wakati Natasha anapanga nyaya, Lomenen alimsogelea. Safari hii hakunitaka mimi.

"Madam, na ile ya uwakala?"

Alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mhudumu wa kaunta.

"Fundi, umeona mwenyewe. Hii kitu haihitaji fundi. Uwakala tutapatia duka la simu, wao ni kuuza tu."

"Sasa mimi mliniita wa nini?"

"Video," akasema. "Watu wanapenda kuona mtu wa kwao."

Na mvua yenyewe? Ilipita mbali, upande wa Lokichoggio. Hata tone halikutua.

Video ilitoka baada ya muda mfupi. Waliihariri vizuri, wakaitilia ngoma. Lomenen anapanda, Lomenen anatoboa, Lomenen anachungulia tunduni na kupunga mkono. Kisha mkono wa Natasha unaweka kibao chini na maneno yanatokea: HUHITAJI FUNDI. Nchi nzima ikacheka. Kwenye duka langu la kinyozi, mteja niliyekuwa nimemnyoa nusu alicheka mpaka nikalazimika kuzima mashine nisimchane sikio. Aliirudia mara kadhaa. Lomenen alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alimwomba simu, akaitazama hadi mwisho, akamrudishia. Akasema tu kwamba nati za mabano zilionekana zimekaa sawa.

Duka la simu lililo mkabala nasi sasa ndilo wakala. Vibao vinauzwa kama mkate, na kila anayenunua anaangusha dishi lake la zamani. Mwanzoni watu walifurahia mabeseni ya bure. Bati imara, pana, mbuzi watano wanakunywa kwa pamoja. Wakamimina maji. Maji yakaenda mchangani.

Basi kazi ikarudi kwa Lomenen. Ameketi chini ya ule ukuta wake wa WAKALA, ana rundo la madishi, na anaziba. Kipande cha mpira wa tyubu juu, kingine chini, boliti katikati, nati inakazwa. Anamwaga maji, analala kifudifudi mchangani, anatazama kwa chini kama kuna tone. Akoru hayupo wa kumwambia ainuke. Yuko Lokitaung na watoto, kwenye maziwa.

Jana alikuja mama mmoja mzee, shanga mpaka kidevuni, dishi kichwani. Alilitua, akaingiza kidole kwenye tundu, akasonya. Alitaka kujua ni mjinga gani aliyetoboa beseni zuri namna hii.

Nilizima mashine nisikie.

Lomenen alilipokea dishi. Hakuligeuza kutafuta tundu. Kidole chake kilikwenda palepale.

"Kulikuwa na fundi mmoja hapa, mama," akasema, akichagua boliti. "Alihama."