Mkurugenzi Katikati ya Wimbo

Watu wa kampuni ya muziki ya Quillmont hawasikilizi muziki. Nasema hivyo mimi niliyekula mshahara wao hadi nikanunua nyumba. Jengo letu la Los Angeles lilikuwa na spika kila mahali, hata chooni, na mkurugenzi wetu Barton Keane alikuwa akiingia chumba chochote jambo la kwanza ni kupunguza sauti. Kisha anaenda kupigwa picha na magazeti akiwa ameshika gitaa ambalo hajui hata linashikwa upande gani.

Ilikuwa miaka ile watoto wa nchi nzima walipoanza kugawana nyimbo kwa kompyuta. Mmoja ananunua CD, anaiingiza kwenye mashine yake, jioni wimbo uko kwa kila mwenye mtandao. Mtu mwenye akili angejiuliza watu wanataka nini, akafungua duka huko huko walipo. Sisi tulikuwa na Keane. Yeye alilipa vijana fulani wajaze mtandao nyimbo bandia. Ukitafuta wimbo wa Tess Arlen, msichana mwimbaji wetu aliyeuza kuliko wote mwaka ule, unapakua faili lenye jina lake, unasikia mwanzo wa wimbo, halafu kelele za kutoboa masikio. Lengo ni uchoke, uende dukani.

Kelele hazikumtosha Keane. Alitaka kuhutubia. Haya niliyajua baadaye kutoka kwa watu wa studio. Aliingia studio, akavaa vile vifaa vya masikioni, akaagiza chai ya asali kama mwimbaji anayelinda koo, akarekodi: "Wewe mwizi! Unajiona mjanja, siyo? Zima hiyo kompyuta, nenda dukani, kama mama yako alikufunza adabu!" Akarudia na kurudia mpaka neno "mwizi" likatoka vile alivyolipenda. Hotuba hiyo ikapachikwa katikati ya kila wimbo bandia wa Tess Arlen, na mafaili yakamwagwa mtandaoni kama mbegu. Akaamuru iwe siri, wezi wasije wakajua.

Siri ilitunzwa vizuri sana. Hata ghorofa yetu ya chini, idara ya sheria, hatukuambiwa. Nasi tulikuwa na ujanja wetu, wa kuwashtaki watu. Kampuni moja ya wapelelezi ilituletea majina ya mafaili na laini za mtandao zilizoyabeba. Jina la faili likifanana na jina la wimbo wetu, basi, kesi. Niliwahi kumuuliza mkuu wangu, Prescott Hale, kama kuna mtu anayasikiliza hayo mafaili.

"Sisi ni mawakili," akaniambia. "Hatuchezeshi disko hapa."

Kwa hiyo ghorofa ya juu wanagawa, ghorofa ya chini tunawashtaki waliogawiwa. Tulikutana kwenye lifti kila asubuhi, tukaangalia viatu vyetu.

Hivyo ndivyo tulivyomshtaki Dolores Wojtas wa Parma, nje kidogo ya Cleveland. Mjane, mtu mzima, kiongozi wa kwaya ya parokia ya Wapolandi tangu mimi sijazaliwa. Gazeti la kwao likaandika kwa herufi kubwa kwamba mwalimu wa kwaya anashtakiwa kwa wizi wa nyimbo. Padri Zielinski, mtu wa kuogopa kivuli chake, akamwambia akae pembeni mpaka mambo yaishe. Kwaresima ilikuwa imeshaanza na mama huyo alikuwa amewafundisha watu wake nyimbo za Pasaka tangu Krismasi. Barua yetu ya kumtaka alipe ili yaishe hakuijibu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: neno "mwizi" liondolewe juu yake, apande roshani ya kwaya siku ya Pasaka uso ukiwa juu.

Tukamwita ahojiwe kwa kiapo katika chumba tulichokodi Cleveland. Alikuja peke yake, bila wakili, na kibati cha pierogi, maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyo na nyama, na hakuamini kwamba mawakili hula chakula cha maana. Akanisogezea mimi kibati. Hale akanitazama kwa jicho kali, nikala moja.

"Mama Wojtas," Hale akaanza, "nani alikuwa akitumia kompyuta hiyo?"

"Kompyuta yangu, laini yangu, bili inakuja kwa jina langu. Niulize mimi."

"Una mjukuu wa kike, yuko sekondari, anakaa kwako."

"Nina mjomba pia kule Toledo, hajui hata kuwasha redio. Naye mshtakini basi, msimwache mpweke."

Mwandishi wa mahakama, mwanamke mwenye miwani minene aliyekuwa akichapa kila neno letu, akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

"Hili si jambo la mzaha," Hale akasema.

"Hata mimi sicheki, mwanangu. Nimetolewa kwenye kwaya kwa ajili yako. Hebu niambie, hizo nyimbo mnazosema nimeiba, mmezisikiliza?"

"Si lazima."

"Si lazima!" Akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi mtu mzima pekee aliyebaki chumbani. "Nimefundisha watu kuimba maisha yangu yote. Sijawahi kumwambia mtu umekosea kabla sijamsikia."

Hale akapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotuponza. Wapelelezi walikuwa wametupa diski yenye nakala za mafaili yale, na hakuna aliyewahi kuifungua. Akaniambia, "Cheza, ili mama huyu asikie alichoiba."

Nikacheza. Gitaa likaja, Tess Arlen akaimba mstari mmoja mtamu, kisha katikati ya chumba akasimama Barton Keane: "Wewe mwizi! Unajiona mjanja, siyo?"

Nilimtambua kabla hajafika kwenye "mama yako". Hale naye alimtambua, maana shingo yake ilipanda rangi hadi masikioni. Ni bosi wetu, sauti ile ile anayotugombezea nayo kila Jumatatu.

Mwandishi wa mahakama akaacha kuchapa. "Samahani," akasema, "huyu aliyezungumza sasa hivi nimwandike nani?"

Hale akanyoosha kidole kwenye diski.

"Cheza unaofuata," Hale akasema. Nikacheza. Gitaa, Tess, mwizi. Mwingine tena, gitaa, Tess, mwizi. Orodha yote ya mashtaka yetu ilikuwa Keane mtupu.

"Kumbe ndiye huyu!" Mama Wojtas akapiga meza. "Alinitukana siku moja nikipanguza vumbi. Nikadhani ni redio, nikamjibu." Akamwinamia Hale. "Sasa nieleze polepole, mimi si msomi. Hiyo ni sauti ya mtu wenu. Amechukua nyimbo zenu akazitia matusi, akazigawa bure kwa kila mtu. Halafu mnanishtaki mimi kwa kupokea matusi?"

Hale akaomba mapumziko. Tukatoka kwenye korido, akampigia Keane, akaweka simu mahali ambapo mimi pia ningesikia, nadhani apate shahidi. Akamweleza yote kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai.

Kisha Keane akauliza, "Imesikika vizuri? Lile neno 'mwizi' limetoka?"

"Limetoka, bwana."

"Nilijua. Yule fundi wa studio alitaka tuliondoe." Ndipo akakumbuka kwamba kuna kesi. "Mwachieni huyo bibi. Lakini asaini kwamba hatasema alichosikia. Arudi kwenye viazi vyake."

Nimewahi kufanya kazi na waongo na wachoyo, na wengi wao nilipatana nao vizuri. Kwa mtu huyu sikupata hata chuki. Ilikuwa dharau tupu, na niliona aibu kwamba imenichukua muda mrefu hivyo kuifikia.

Hale akamwekea Mama Wojtas karatasi mbele. "Habari njema. Kesi tunaiondoa, hulipi hata senti. Unasaini hapa tu kwamba yaliyosikika humu ndani yanabaki humu ndani."

Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari. "Padri akiniuliza imeishaje, nimwambie nini?"

"Mwambie imeisha."

"Mtu aliyeiba akamalizana na mwenye mali naye husema imeisha." Akafunika kibati chake. "Msiniachie. Nataka mseme. Mlisema kwenye gazeti kwamba ni mwizi, sasa semeni kwamba si mwizi."

Akaondoka bila kusaini. Hale akaiondoa kesi hata hivyo, maana aliogopa jaji asije akamsikia Keane. Karatasi ya mahakama ilikuwa na maneno machache tu: imeondolewa na mlalamikaji. Gazeti halikuandika kitu. Juma Kuu, kabla ya Pasaka, nikatumwa Parma na karatasi mbili, hiyo ya mahakama na ile ya kunyamaza, nijaribu mara ya mwisho.

"Usizungumze," Hale akanionya. "Akisaini, vizuri. Asiposaini, geuka, upande ndege urudi. Ukitia neno lako, usirudi kazini."

Nilimkuta kanisani Jumamosi Kuu mchana. Watu walikuwa wamejipanga na vikapu vyao vya mayai, soseji na mkate, vikiwa vimefunikwa vitambaa vyeupe, wakingoja padri apite na maji ya baraka. Mama Wojtas alikuwa kwenye mstari na kikapu chake, na mbele yake na nyuma yake watu walikuwa wameacha nafasi. Juu, roshani, kijana mmoja wa chuo alikuwa akiwafanyisha kwaya mazoezi. Waimbaji wa alto walikuwa wakishuka vibaya kila mara, na nilimwona mama akikunja uso kila waliposhuka.

Nikampa ile ya mahakama. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akatafuta kama kuna zaidi.

"Haisemi kwamba sikuiba."

"Haisemi, mama."

"Na hiyo nyingine?"

"Ni ile ile ya Cleveland."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Padri ananiambia nirudi baada ya Pasaka, kimya kimya. Umewahi kuona mtu anarudi kwenye kwaya kimya kimya?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na alikuwa anakasirika nayo. "Wewe ulikuwepo. Uliyasikia kwa masikio yako. Basi sema wewe."

Padri Zielinski alikuwa amefika karibu nasi na kindoo chake cha maji, akajifanya anaangalia soseji za mtu mwingine. Mstari mzima ulikuwa umetugeukia. Nilimfikiria Keane na chai yake ya asali, akirudia neno moja mpaka limpendeze.

Nikaichana ile karatasi ya kunyamaza, nikaiweka mfukoni. "Mimi ni wakili wa kampuni iliyomshtaki mama huyu," nikasema. "Hakuiba kitu. Nyimbo zile tulizigawa sisi wenyewe."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, ikafia kwenye kola ya koti. Mwisho wa mstari mzee mmoja akauliza, "Amesema nini?"

Mama Wojtas akaweka kikapu chake chini. Akanishika mabega, akaninyoosha mgongo, akanigeuza niwatazame watu.

"Umebana koo," akasema. "Vuta pumzi kwanza. Sasa sema tena, kutoka tumboni."