Shavu la Waruguru

Saa nne asubuhi, muda wa chai, Nabalayo aliacha sketi ya shule ikining'inia kwenye cherehani yake, akaenda kulitazama tena lile shavu. Washonaji wenzake wa karakana ya sare, kule Baba Dogo, walikuwa wameshalizunguka. Waruguru alikaa karibu na mlango, kwenye kiti alichopewa juzi na msimamizi, akinywa chai polepole kama bibi harusi.

Kwa miaka mitatu shavu hilo lilikuwa na baka jekundu, na duka la dawa likamuuzia krimu ya choa. Kisha daktari mmoja alilibana kwa kipande cha kioo, baka likageuka rangi ya jemu ya tufaha, akasema ni kifua kikuu cha ngozi. Ndani ya jemu ilionekana karakana nzima: meza, cherehani, madirisha yaliyopigiliwa misumari, na madoa mahali walipokaa washonaji wenye TB. Daktari aliandika kwenye faili, akampa dawa na kile kioo, akaita mgonjwa mwingine.

"Daktari alisema kwa wagonjwa mia wa TB, wa ngozi ni mmoja ama wawili," Waruguru alisema. Alisema hivyo kila siku.

"Mgema akisifiwa," Nabalayo akanung'unika.

Wivu ulikuwa umemwingia mpaka mifupani. Yeye alikuwa akikohoa mwezi wa pili sasa, nguo zimeanza kumpwaya, na hakuna aliyemuuliza. Kukohoa, kila mtu anakohoa. Maisha yake yote alikuwa katika wale tisini na tisa.

"Wewe nawe, wacha kuringa. Leta hiyo kioo."

Alikibonyeza hadi Waruguru akaguna. Doa kubwa kuliko yote lilikuwa meza ya tatu, chini ya dirisha, kwenye cherehani yake mwenyewe.

"Ni mimi!" alisema, na furaha haikujificha. "Kubwa kuliko yenu yote!"

"Si ungesema unaumwa, dadangu?" Waruguru aliuliza.

"Nimwambie nani? Macho yote yako kwa shavu lako."

Mugo, yule msimamizi, aliitwa atazame. Aliyakagua madirisha ndani ya shavu, akaona misumari yote ipo, akaridhika.

"Mkifungua madirisha, nguo zitatembea zenyewe hadi kwa wezi," alisema, akamtuma Nabalayo kliniki.

Alipewa dawa za miezi sita. Aliporudi kazini baada ya wiki kadhaa, alikuta ameshahamishiwa meza ya vifungo. Kwenye cherehani yake, chini ya dirisha lile lile, alikaa msichana mgeni aitwaye Sagal.

Saa nne Nabalayo aliomba kioo. Doa lake halikuwapo. Mahali pake palikuwa na jingine, dogo, bichi.

"Hiyo ni nafasi yangu," alisema, na wivu ukampanda upya.

Alibonyeza tena, kwa nguvu, lakini doa halikufutika. Kule chini ya dirisha Sagal alikohoa, akavuta sketi nyingine.