Kadi ya Chome wa Mwinga

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, Hannah Kitsao alisukuma kabati la vitabu hadi ukutani, akapanga benchi mbili, na chumba cha maktaba pale Kwale kikawa mahali pa kujazia fomu. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Mfuko wa matibabu ulikuwa umeanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi, na fomu zake zililetwa maktabani kwa sababu mkubwa fulani aliona kwamba penye vitabu hapakosi mtu wa kusoma. Mtu huyo alikuwa Hannah, peke yake. Aliwasomea watu maswali, akaandika majibu, akavishika vidole vyao na kuvibonyeza kwenye wino, na jioni akalirudisha kabati mahali pake. Mwezi ule viliazimwa vitabu vitatu tu, viwili vikiwa vya ufugaji wa nyuki.

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za jina: jina lako na jina la baba yako. Aliyeichapa hakuwa Mduruma. Kwa Waduruma, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo Chome humzaa Mwinga, Mwinga akamzaa Chome, na mambo huendelea hivyo bila mtu kuchoka. Nyumbani jambo hilo halimtatizi mtu. Mjukuu huitwa babu tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kigoda cha babu, jembe la babu na utani wa babu vyote ni vyake.

Kahaso alifika Alhamisi moja akiwa amevaa leso mpya, kwa kuwa alikuwa anakuja mjini. Mumewe, Chome wa Mwinga, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa mkataji katika shamba la mkonge, na tangu masika alikuwa anakohoa damu. Hospitali ya bondeni ilikuwa na wodi ya wenye kadi, yenye vitanda na sindano. Wasio na kadi walilala barazani juu ya mikeka, wakapewa dawa ya kikohozi kwenye chupa. Kahaso alitaka kitanda. Hakutaka kingine chochote duniani.

"Umekuja na karatasi yoyote yenye jina lake?" akauliza Hannah.

"Ninayo, dada." Kahaso akafungua mkebe wa majani ya chai, akatoa stakabadhi ya kodi ya kichwa iliyokuwa imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya mwaka 1931.

"Hii ni yake?"

"Ni ya Chome wa Mwinga," akajibu Kahaso, na hakuwa anadanganya.

Hannah aliuona mwaka. Alijua kwamba mume wa mwanamke yule alikuwa bado hajazaliwa. Lakini nje kulikuwa na watu kumi na tisa wanangoja, kilichotakiwa kilikuwa karatasi yenye jina, na jina lilikuwa lile lile. Akaibana kwenye fomu kwa pini, akamwita mwingine.

Kadi ilifika baada ya wiki tatu. Asubuhi iliyofuata Hannah alipokwenda kufungua mlango alimkuta mzee mmoja ameketi kizingitini, amejitanda sanda iliyochakaa, na masikioni ana udongo mwekundu. Alikuwa amefariki mwaka 1943 kwa ugonjwa wa kifua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa jina langu limeandikwa. Nimekuja kuchukua kadi."

Hannah alilinganisha jina na stakabadhi. Kila kitu kilikuwa sawa. Ili kumnyima angehitaji sababu, na katika daftari la kupokelea kadi hapakuwa na nafasi ya sababu. Akampa. Mzee akashukuru, akashika njia ya bondeni kwa miguu, akikohoa.

Karani wa hospitali, Mutunga, Mkamba aliyehamia Shimba Hills na familia yake, alimwandika na kumpa kitanda cha tisa, karibu na dirisha. Daktari alimsikiliza kifua akasema kwamba amechelewa kuja, ila si sana.

Jumamosi Kahaso, aliyekuwa amesikia kwamba kadi imefika, alimleta mumewe kwa baiskeli ya jirani. Mutunga akafungua daftari lake.

"Chome Mwinga ameshalazwa. Tangu juzi."

"Huyo ni babu yake, bwana karani."

"Mama, mambo ya babu mimi siyajui. Kadi moja, kitanda kimoja."

Kahaso akaingia wodini. Hakuwahi kumwona mzee yule, lakini alimtambua mara moja, maana ulikuwa uso wa mumewe uliozeeka. Akapiga magoti, akamwamkia. Mzee akamwita mke wangu, kama babu anavyomtania mke wa mjukuu wake, kisha akauliza mjukuu mwenyewe yuko wapi. Akaambiwa yuko barazani. Utani ukaishia hapo.

Mzee hakuwa mchoyo, na hilo lazima lisemwe. Siku ile ile alimwinua mjukuu wake kwa tabu, akamlaza kitandani, yeye akaenda kujinyoosha mkekani. Jioni muuguzi, Bi Syovata, alipita na faili. Faili ilisema kwamba mgonjwa wa kitanda cha tisa hana meno. Akamfungua Chome kinywa, akayaona meno yote, akamrudisha kila mtu mahali pake. Kesho yake mzee alificha vidonge shavuni ili ampelekee mjukuu. Bi Syovata akaanza kumkagua ulimi kwa kijiko.

Hannah alipopata habari alifunga maktaba, akapanda basi na fomu ya kuhamisha kadi. Ilihitaji alama ya dole gumba ya mwenye kadi. Mzee alibonyeza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Karatasi ikabaki nyeupe. Akarudia mara ya pili na ya tatu, Hannah akimkandamiza dole kwa mikono yake miwili, na bado ikabaki nyeupe. Mutunga akaitazama mbele na nyuma, akasema haijatiwa alama. Mutunga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na aliogopa kufukuzwa kazi. Inaudhi kwamba watu kama yeye hawana hata ubaya wa kumfanya mtu awachukie.

Hannah aliandika barua tatu kwa wakubwa wa mfuko. Alijibiwa kwa upole kwamba suala lake linashughulikiwa.

Sindano zilimkubali mzee. Kikohozi cha miaka ishirini na minne kililainika, kikapungua, kikaisha, na nyama ikarudi mashavuni. Nje, Chome alikuwa mwepesi mno hivi kwamba Kahaso aliweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Mzee alikaa dirishani kutwa akimtazama.

"Babu," akamwambia, kwa kuwa wote wawili waliitana hivyo, "jikaze."

"Najikaza, babu," akajibu Chome.

Alikufa Jumapili asubuhi, Kahaso akiwa amekipakata kichwa chake. Kahaso alilia mpaka Mutunga akaenda kufunga dirisha la ofisi yake.

Jumatatu mzee aliruhusiwa kuondoka. Karatasi aliyopewa iliandikwa: Chome Mwinga, amepona. Alisindikiza maiti ya mjukuu wake nyumbani, na kijana akazikwa kando ya kaburi la mzee, ambalo lilikuwa bado wazi tangu mwenyewe alipotoka. Watu walipotawanyika, mzee akashuka katika kaburi lake, akalala chali, akasubiri. Akasubiri hadi umande ukamlowesha. Mtu mzima wa afya hafi kwa kulala shimoni. Akatoka, akajikung'uta mchanga, akaenda kuomba maji ya kuoga.

Wiki ile, kule shamba la mkonge, mnyapara aliita majina. Alipofika kwa Chome Mwinga mzee akaitika, kwa kuwa lilikuwa jina lake na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi. Mnyapara akatia alama. Mzee alikata mkonge mwingi kuliko vijana wengi.

Mwezi ulipokwisha Kahaso alirudi kwa Hannah. Alitaka cheti cha kifo. Hakuwa na haja nacho ya maana, alisema, ila alitaka iandikwe mahali fulani kwamba mumewe alikuwapo na sasa hayupo. Wakaenda pamoja ofisini. Karani wa vifo akapekua majalada, akasoma: amelazwa, ametibiwa, amepona, yuko kazini.

Mzee, aliyekuwa anawasubiri nje, akaingia. "Mwanangu, niandike mimi basi. Mimi ndiye niliyekufa."

"Wewe u mzima, mzee," akasema karani. "Mbona una kadi?"

Hannah alirudi kwenye benchi zake. Tangu siku hiyo aliandika pembezoni mwa fomu, kwa herufi ndogo, neno mjukuu, au mwana wa fulani bin fulani. Huko zilikopelekwa, kingo zilikatwa ili karatasi zienee kwenye majalada. Foleni ya Alhamisi ikazidi kurefuka, na wengine ndani yake walikuja na udongo masikioni. Aliwasomea maswali yale yale.

Kahaso alifika nyumbani jua linatua, akateleka sufuria. Alianza kusonga sima huku analia, na kilio kilipomzidi aliuacha mwiko ukisimama wenyewe. Mzee akainuka, akaushika, akaendelea kusonga, kwa sababu moto ulikuwa mkali na sima ingeungua. Wakala.

"Mimi nilikuwa nimeshazoea," mzee akasema mwishowe. "Yeye alikuwa bado."

Kahaso akamsogezea mboga iliyobaki. Akamwambia amalize akalale, maana kesho jina litaitwa saa kumi na mbili kamili.