Kona ya Kushoto

Kompyuta ya kupima bodi za redio ilipoletwa kiwandani, nilikabidhiwa mimi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenitafutia kazi pale, naye akabaki kwenye meza ya kulehemu. Ukiilaza bodi chini ya sindano zake za kupimia, kompyuta inaipima yenyewe. Nzima inapita, mbovu inakataliwa, na kwenye skrini inatokea picha yake yenye alama nyekundu penye kasoro.

Wiki ile bodi zilizokataliwa zilikuwa za wifi tu. Wifi, mwenye mkono usiokosea! Msimamizi akasema hali ikiendelea hivyo, atamtoa kwenye kulehemu ampeleke kufunga maboksi. Wifi akaninunia.

"Umenichongea kwa mashine yako inichukie."

"Wifi, mashine haikujui hata sura."

"Wewe si unanijua?"

Mchana nikazikusanya picha za bodi zake zote kwenye skrini moja. Alama zote zilirundikana upande wa kushoto. Labda bodi zenyewe zilikuja na ubovu? Nikamwomba alehemu moja akiwa ameizungusha, upande wa juu ukae chini. Akasonya, lakini akafanya. Safari hii kasoro zikatokea upande wa kulia wa bodi, ule uliokuwa sasa kushoto kwake.

Hapo nikaukumbuka mlango wa nyumbani. Mwezi mzima wifi alikuwa akijigonga bega la kushoto kwenye fremu, nasi tukimtania, tukimwita Bibi Mlango.

Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamrudishia zile picha za mwanzo. Kushoto kote kulikuwa kwekundu.

Wifi akaangalia. Uso ukamchanua.

"Sasa kelele zote hizi za nini? Mbona hakuna alama hata moja?"

Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso taratibu kuelekea kushoto. Akaziona. Akageuka mbele tena, zikapotea, kisha akarudi kushoto, kama mtu anayetafuta alikodondosha kitu.

"Nilidhani ni uchovu," akasema kwa sauti ndogo. "Wifi, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Vua aproni, twende hospitali."

"Na msimamizi?"

"Atazungumza na mimi."

Akaivua. Tulipofika mlangoni alinyoosha mkono kuitafuta fremu. Nikazunguka, nikapita kushoto kwake.