Kikopo cha Bosi

Fundi bomba alikuwa amezibua vyoo vya watu miaka ishirini bila kuziba pua, lakini kile kikopo cha hospitali chenye kifuniko chekundu kilimshinda. Daktari alitaka choo cha binti yake kipimwe minyoo kabla ya kumwanzishia dawa za saratani ya damu. Binti mwenyewe, miaka saba, wodi nzima ikimwita Bosi, hakuwa amepata choo kwa siku ya tatu sasa.

"Jaribu, mama."

"Baba, hakiji. Mimi siyo bomba."

Dawa zilipangwa kuanza kesho yake. Fundi aliogopa zikiahirishwa ugonjwa utapata nafasi. Akaingia msalani, akakijaza kikopo yeye mwenyewe. Si ni mwanangu, alijiambia, na tunakula sufuria moja?

Asubuhi akashuka maabara kuchukua majibu. Mpimaji, mama mmoja wa makamo, alikuwa ananawa kwenye bomba lililozungushiwa ukanda wa mpira lisivuje.

"Safi, baba Bosi. Hakuna kitu."

"Kwani ingekuwepo? Minyoo watoto wangapi wanayo."

"Wanayo, na mwili unaidhibiti. Hizi dawa zinashusha kinga. Kuna minyoo midogo ikipata mwanya huo inazaana, inapanda mpaka mapafuni. Unaikimbia saratani, unauawa na minyoo."

Fundi alitazama dari. Huko juu muuguzi alikuwa anatayarisha dripu.

"Dada, kile choo ni changu."

Mpimaji alivua miwani. "Chako."

"Changu."

Hakumfokea. Alinyanyua simu ya mezani, akaiambia wodi isubiri. Kisha akamgeukia. "Mtu mzima na ndevu zako, unamfanyia mtoto mtihani." Akampa kikopo kingine. "Mpe maji mengi, mtembeze koridoni mpaka kije."

Kilikuja saa nane mchana, na Bosi akakibeba mwenyewe kama kombe la ushindi. Mpimaji aliinamia hadubini, akamwita fundi atazame. Kitu chembamba kama uzi kilikuwa kinajinyonganyonga kwenye mwanga.

Bosi alipewa dawa ya minyoo siku ile ile. Zile za saratani zikasubiri siku chache, na daktari akasema hakuna kilichoharibika.

Wiki iliyofuata, dripu ya kwanza ikiwa imepita salama, fundi alishuka maabara na mfuko wake wa spana. Akalifungua lile bomba bila kuomba ruhusa, akabadilisha mpira wa ndani, akakaza. Halikudondosha hata tone.

"Ungenipigia kelele siku ile, ningeurudia uongo wangu," alisema, macho kwenye bomba. "Mtoto yuko juu anadai chai. Asante, dada."

Mpimaji akavuta droo, akamwekea kikopo kando ya beseni. "Minyoo hii hutoka udongoni, ikapenya nyayoni. Uwanja wenu mmoja, wote mnaukanyaga peku. Na kipimo kimoja wakati mwingine hukosa. Wewe rudia, na mama Bosi naye alete chake."

Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

"Safari hii andika jina langu," alisema.