Jeli ya Goti la Mzee Machibya

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na anayejua kuziwasha ni baba yangu, mzee Machibya wa Nyasura, pale Bunda. Goti lake la kulia lilivimba mpaka suruali ikawa haipandi. Vidonge vya maumivu haviwezi, ana vidonda vya tumbo, na mwaka jana vilimtapisha damu. Ndiyo maana tulipopata kibali cha kuijaribu jeli yetu kwa wagonjwa wachache, aliomba awe wa kwanza.

Jeli hiyo naitengeneza na mwenzangu Renatus kwenye maabara yetu hapa Musoma. Unaipaka juu ya goti, dawa ileile ya vidonge inapita kwenye ngozi polepole, inatua penye uvimbe, na damuni inaingia kidogo sana. Nilimweleza baba yote hayo. Nikamwambia pia, kwa mdomo wangu huu, kwamba isipoonyesha matokeo wafadhili wanafunga maabara.

Leo asubuhi mama akapiga simu. "Nyamburi, uvimbe umenywea! Baba yako anatembea! Ila tumbo linamsokota, na choo kimekuwa cheusi kama masizi."

Choo cheusi ni damu hiyo. "Kameza vidonge?"

"Hajameza kitu."

"Mpeleke hospitali sasa hivi, mama! Na kopo la jeli mlibebe!"

Renatus akawasha pikipiki. Kiabakari, njiani kwenda Bunda, tulipita bila kusimama. Nilimpigia mama njia nzima, simu haipatikani, na kichwani nilikuwa nimeshamzika baba.

Nilimkuta hospitalini, kitandani, midomo imepauka, dripu mkononi. Nikafunua shuka. Jamani! Goti zima lilikuwa limechanjwa chale, mbichi, na jeli imegandia ndani yake.

"Nani kakuchanja?"

"Mganga Bonifasi. Si ndiye alikuwaga anatuchanja wote pale Nyasura? Dawa bila chale itaingilia wapi?"

Kopo la kutumia mwezi mzima lilikuwa tupu.

"Baba! Umeimwaga yote kwenye damu! Unataka kufa?" Nilifoka mpaka nesi akanitoa nje. Nilirudi na maji na sabuni, nikaanza kuosha zile chale. Daktari akaagiza aongezewe damu. Tukangoja. Mama alisali, mimi nilimtazama baba kifua tu, kama kinapanda.

Jioni akafumbua macho. Swali lake la kwanza? "Sasa si mtaandika dawa inafanya kazi?"

"Hatuandiki! Uvimbe umenywea kwa sababu dawa imeingia kwa wembe. Kama inapita kwenye ngozi isiyochanjwa hatujui, na hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Akaangalia dari.

"Mimi najua haipiti," akasema. "Nilipaka, nikangoja. Nikapaka tena, goti halina habari. Nikasema mwanangu watamfungia maabara yake. Ndiyo nikamwita Bonifasi."

Hasira zote zikaniishia hapo hapo. Nikainamisha kichwa kwenye shuka lake nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, watu wakinitazama.

"Basi, mama, basi," akanipapasa kichwa kwa ule mkono wenye dripu. "Kaandike ukweli. Halafu uitengeneze ipite yenyewe. Hili goti la kushoto nalo limeanza kuvimba."