Palizi la Kimya

Mwaka 1954 amri ilitoka: kanisa lisilo na mmisionari mzungu lifungwe, na atakayekusanya watu kusali atiwe jela. Kanisa letu la Birongo likapigwa kufuli.

Jumamosi iliyofuata, kiongozi wetu, Mama Bosibori, alituita shambani kwake kwa risaga, ule ushirika wa majirani kusaidiana kulima, ambao hauhitaji kibali. Tukapiga magoti kati ya mimea ya wimbi, tukawa tunang'oa magugu huku tukiomba moyoni.

Omwega, askari wa chifu, akasimama mpakani.

"Mama, nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mwanangu. Tunapalilia."

"Risaga gani hii isiyoimba? Hata mamangu, mwenye sauti ya chura, huimba akipalilia."

Hakuna aliyecheka. Bosibori alikwisha kufungwa mara moja kabla ya amri hiyo, na kifua chake hakijapona baridi ya jela.

Omwega akageuka kutazama barabara.

"Chifu anakuja nyuma yangu," akasema polepole. "Imbeni."

Bosibori akaanzisha wimbo wa palizi huku akikohoa. Tukaitikia kwa nguvu zetu zote. Chifu akapita na baiskeli yake, akatupungia mkono.